Kabla ya kubuni, uliza kwanza

Kila muhula una msimu wake wa miradi. Ukiingia katika duka lolote la vitabu mtaani Umoja, Donholm au Kayole saa kumi na mbili jioni, utawakuta wazazi waliotoka kazini wakiulizia bei ya manila, gundi, rangi na waya. Mtoto amesema mradi unatakiwa kesho. Usiku huo ugali hupoa mezani huku baba akikata maboksi kwa kisu cha mkate, na mama akipaka rangi kitu ambacho mwenye mradi, kwa wakati huo, amekwisha kulala.

Asubuhi kazi hiyo hubebwa kwa uangalifu ndani ya matatu kana kwamba ni mayai. Mwalimu huitazama, hutia alama, na kufikia Ijumaa iko nyuma ya darasa, imevunjika bawa moja, ikisubiri kuchomwa pamoja na takataka nyingine.

Msomaji, sisemi haya kwa kuwacheka wazazi wenzangu. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika katika shule zetu zote mwaka wa 2019, kuanzia madarasa ya chini, uliahidi jambo zuri: kwamba mtoto atajifunza kwa kutenda, na kwamba atalitazama tatizo la kwao nyumbani au mtaani na kulitafutia dawa. Tena jambo hili si mchezo. Tathmini zinazofanywa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8 huchangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya sekondari ya chini. Ndiyo maana wazazi hukesha.

Lakini kazi yangu ya kuandika makala imenipeleka katika maonyesho mengi ya wanafunzi, ya shule za msingi, za upili na hata vyuo. Nimeonyeshwa mitambo ya kusafisha maji, mapipa ya takataka yanayojifungua, fimbo za vipofu zinazolia, majiko ya jua na mifuko ya kufumwa. Nyingi ni kazi za kusifiwa. Hata hivyo, nimejizoesha kumuuliza kila mwanafunzi swali moja tu: huyu uliyemtengenezea, ulizungumza naye?

Aghalabu jibu ni kimya. Aliyebuni fimbo ya kipofu hajawahi kuketi na kipofu. Aliyebuni pipa la kisasa hajamuuliza mzoa taka ni nini kinachomsumbua. Hapo ndipo nionapo hitilafu, na ndiyo ninayotaka tuizungumzie leo.

KITANDA USICHOKILALIA

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sijui kama walikuwa wakifikiria ubunifu, lakini hakuna somo la ubunifu lililo bora kuliko hilo.

Mtazame Richard Turere. Huyu alikuwa kijana wa Kimaasai aliyekulia upande wa Kitengela, pembeni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, mahali ambapo simba huvuka usiku na kuvamia mazizi. Kazi yake nyumbani ilikuwa kuwachunga ng'ombe wa babake. Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, alikuwa amechoka kuamka asubuhi na kukuta ng'ombe ameuawa, na kuona vijana wa kijiji wakitoka na mikuki kulipiza kisasi kwa simba.

Kwanza alidhani simba huogopa moto. Akawasha moto. Akagundua kwamba mwanga wa moto ulikuwa ukiwasaidia simba kuona vizuri ndani ya zizi! Akajaribu sanamu ya kutishia, kama ile ya shambani. Siku ya kwanza simba walirudi nyuma. Siku ya pili walikuja, wakaitazama, wakaona haisogei, wakaingia kula. Basi usiku mmoja akawa anazunguka zizi akiwa na tochi mkononi, na simba hawakuja. Hapo akafahamu: simba huogopa mwanga unaotembea, kwa kuwa hudhani kuna mtu macho.

Akachukua betri kuukuu ya gari, kifaa cha kumemetesha taa za pikipiki, balbu za tochi zilizoharibika na kipande cha sola cha kuchaji betri. Akazipanga taa kuzunguka zizi zikimemetuka kwa zamu, yeye akiwa amelala kitandani. Simba wakaacha kuja kwao. Majirani wakaomba wawekewe, na mwaka wa 2013 kijana huyo akasimama Marekani mbele ya hadhira ya TED kuueleza ulimwengu alivyofanya.

Wengi husimulia habari hii kwa kusifu akili ya mtoto. Mimi ninachokiona zaidi ni kwamba alikuwa amekilalia kitanda. Hakuhitaji kuambiwa tatizo ni lipi, kwani zizi lilikuwa la kwao, na kila alipokosea, ng'ombe wa babake ndiye aliyelipa. Hakuwa na mwalimu wa kumpa alama. Waliomtahini ni simba.

WALIOSAFIRI KUULIZA

Je, asiyekilalia kitanda afanye nini? Aende akamuulize anayekilalia.

Mwaka wa 2007, wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipewa kazi katika somo la kubuni vitu vya watu wenye kipato kidogo. Walitakiwa kutengeneza, kwa bei nafuu, mashine ya kuwatia joto watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Mashine za kawaida za hospitali ni ghali mno. Kwa akili ya haraka, mtu angeichukua mashine ile kubwa, aondoe kifaa hiki na kile, atumie plastiki badala ya chuma, na aseme ameshusha bei.

Mmoja wao alikwenda Nepal kuona kwa macho. Hospitalini alikuta mashine za msaada zikiwa zimekaa tu, hazina watoto. Ilikuwaje? Akaelezwa kwamba watoto wengi wanaohitaji joto huzaliwa vijijini, mbali na mji, na hufa kabla ya kufikishwa hospitali. Mashine rahisi iliyowekwa hospitalini isingemwokoa hata mmoja wa hao.

Basi swali likabadilika. Hawakutafuta tena mashine. Walitafuta kitu ambacho mama wa kijijini, asiye na umeme, angeweza kukitumia akiwa njiani. Wakabuni mfuko mdogo wa kumlaza mtoto, wenye pakiti ya nta maalumu mgongoni. Nta ile ikishapashwa moto hutunza joto la kadiri kwa saa kadhaa. Wakauita Embrace.

Hata hapo kuuliza hakukuisha. Walipoupeleka India, waligundua kwamba baadhi ya akina mama hawakuiamini ile alama ya nyuzi za joto. Mama mmoja alieleza kuwa dawa za kizungu huwa kali, kwa hiyo akiambiwa apashe hadi nyuzi 37, yeye angepasha hadi 30 tu ili mtoto asidhurike. Mfuko uliobuniwa kuokoa ungeweza kumponza mtoto. Wabunifu hawakumlaumu mama. Waliondoa nambari, wakaweka alama inayosema tu joto ni sawa au si sawa.

Huko ndiko kubuni kwenyewe. Kipimo kilichokuwa sahihi kabisa darasani kilikuwa hatari mikononi mwa mtumiaji, na hakuna ambaye angelijua hilo bila kwenda kumsikiliza.

MTUNGI WA LITA 20

Niruhusu sasa nirudi nyumbani, kwa kuwa nimelishuhudia jambo hili katika ngazi za jumba tunamoishi.

Jumba letu lina ghorofa nne na halina lifti. Maji ya mfereji huja usiku wa siku mbili kwa wiki, tena hayapandi juu ya ghorofa ya kwanza. Waliobaki huteremka na mitungi, ama humlipa mtu awapandishie. Katika ploti yetu kazi hiyo hufanywa na akina mama wachache, na mkubwa wao ni nyanya mmoja aliyepita miaka 60. Kwa mtungi mmoja wa lita 20 hulipwa shilingi 20 hadi ghorofa ya nne. Lita 20 za maji ni kilo 20. Siku ya maji huweza kupanda na kushuka mara 15 kabla jua halijachomoza.

Mwaka jana binti yangu akiwa Gredi ya 8, yeye na wenzake wawili waliambiwa wabuni kitu cha kutatua shida mtaani. Wakamchagua nyanya. Mwezi uliotangulia alikuwa ameteleza ghorofa ya tatu, akaumia kiuno, akalala ndani wiki mbili bila kupata hata shilingi. Watoto walikuwa wamelisikia hilo na lilikuwa limewagusa.

Mpango wao wa kwanza ulikuwa wa kuvutia: kigari chenye magurudumu matatu kila upande, cha kukwea ngazi, walichokiona kwenye simu. Waliuchora vizuri wakaupaka rangi. Nikawauliza swali langu lile. Wakatazamana. Nikawaambia washuke chini wakamwonyeshe mwenyewe.

Nyanya aliitazama michoro kwa heshima, akawapa chai. Kisha akasema, "Wajukuu wangu, kigari ni kizuri, Mungu awabariki. Lakini ngazi zetu ni nyembamba. Nikikutana na mtu anayeshuka, nitakipitishia wapi? Na kikinitoroka kikaanguka nacho maji, nani atawalipa walio chini?"

"Basi nyanya, ni nini kinachokuumiza zaidi?" binti yangu akauliza.

"Uzito nimeuzoea. Kinachonimaliza ni huu mshikio. Unakata vidole mpaka ganzi inaingia, ndipo mtungi unaniponyoka. Tena mitungi mingi haina vifuniko, maji yanamwagika ngazini, na ni saa kumi usiku, taa hakuna. Hiyo siku niliyoanguka sikuona ngazi inaishia wapi."

Wasichana walirudi nyumbani kimya. Kigari kilikuwa kimekufa. Lakini mikononi walikuwa na kitu ambacho simu isingewapa: shida tatu zilizo wazi, kutoka kinywani mwa mwenyewe.

Wakaanza na mshikio. Walikata kipande cha paipu ya plastiki, wakakipasua kwa urefu ili kishike mshikio wa mtungi. Kikawa kinateleza mkono ukilowa. Wakatumia paipu nene zaidi, nayo ikapasuka siku ya pili. Mara ya tatu walikwenda kwa fundi wa baiskeli akawapa tyubu iliyotoboka. Wakaizungusha juu ya paipu ikawa nene, laini, isiyoteleza. Nyanya akapanda nayo, akashuka, akasema vidole vimepumzika.

Kwa upande wa giza, walimwomba mlinzi rangi nyeupe iliyobaki baada ya ukuta kupakwa. Wakapaka mstari kwenye ukingo wa kila ngazi, kutoka chini hadi juu. Sasa hata mwanga mdogo wa simu hukuonyesha unapokanyaga.

Kifuniko hakikufaulu. Walikitengeneza kwa mpira wa ile ile tyubu, na baada ya siku chache wapangaji wakalalamika kwamba maji yananuka mpira. Wakakiacha, wakaandika kwenye daftari lao kwamba kimeshindikana na sababu yake. Gharama ya yote ilikuwa shilingi 150.

ALAMA NA MANUFAA

Siku ya kuonyesha miradi ikafika. Juu ya meza ya binti yangu kulikuwa na mtungi wa manjano wenye mshikio uliofungwa mpira mweusi, na daftari. Meza ya pili ilikuwa na helikopta ya boksi yenye balbu na panga zinazozunguka, ambayo kila mtu alijua imetoka kwa seremala. Helikopta ilipata "kuzidisha matarajio." Mtungi ulipata "kukaribia matarajio."

Binti yangu alilia. Nami niliona uchungu, sitaficha. Nikaenda kumwona mwalimu, si kwa kugombana bali kwa kutaka kuelewa. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu neno ambalo sijalisahau: "Mzazi, mimi hutathmini kinachowekwa mezani. Ngazi za kwenu sikuziona."

Alikuwa mkweli. Ana wanafunzi zaidi ya 60 katika darasa moja, na alikuwa na nusu siku ya kuipitia miradi yote. Mezani palikuwa na mpira na paipu. Nyanya hakuwapo, wala giza la saa kumi usiku, wala zile safari 15. Thamani ya kazi ile ilikuwa imebaki ngazini, na mfumo wetu wa kutahini hauna jicho la kufika huko.

Alama haikubadilishwa. Lakini nyanya aliomba mishikio mingine minne kwa ajili ya wenzake, na wale wasichana wakabishana jioni nzima kama ni halali kuwatoza pesa. Mwishowe wakaamua kuwatoza bei ya gundi tu. Mishikio hiyo bado inatumika. Helikopta sijui iko wapi.

Hapa ndipo penye hatari, msomaji. Mtoto akiona mara mbili, mara tatu, kwamba kung'aa kunashinda kufaa, atajifunza somo hilo vizuri kuliko lolote lililo katika mtaala. Atakua akijua kwamba kazi hufanywa ili ionekane. Kesho huyo ndiye mhandisi atakayechora daraja la miguu mahali ambapo hakuna apitaye, au atakayejenga soko ambalo wachuuzi hawalitaki. Je, majengo ya namna hiyo hatuyajui?

WALIOTANGULIA

Wala jambo hili si geni kwetu. Litazame jiko la makaa lenye bati nje na udongo ndani, ambalo pengine liko jikoni mwako sasa hivi. Mapema katika miaka ya 1980, wataalamu wa nishati walitaka kupunguza makaa yanayochomwa mijini, ili miti ipone na mfuko wa mwananchi upone. Walichukua wazo kutoka jiko la Thailand, ambalo lina umbo la ndoo na udongo ndani. Lakini hawakulileta lilivyo. Walishirikiana na mafundi wa jua kali na wapishi wenyewe, umbo likabadilika hadi likawa na kiuno chembamba na kitako kipana, udongo ukiwa sehemu ya juu peke yake. Fundi aliweza kulifua kwa vifaa alivyo navyo, na msonga ugali akapata jiko lisiloyumba. Likitumiwa vizuri huokoa kati ya thuluthi na nusu ya makaa ya jiko la kale la bati. Ndiyo sababu lilienea Kenya na hata nchi jirani.

Katika miaka ya 1960, mwalimu wa ubunifu Victor Papanek na mwanafunzi wake walitengeneza redio ndani ya mkebe mtupu, kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme. Iliendeshwa kwa joto la utambi unaowaka ndani ya nta, na nta ikiisha mtu aliweza kuchoma hata samadi kavu. Iligharimu senti 9 za Marekani. Wasomi wa ubunifu Ulaya walipoonyeshwa walichukizwa, wakauliza kwa nini haikupakwa rangi. Papanek alikuwa ameiacha hivyo makusudi. Huko Indonesia ilikotumika, wanakijiji waliipamba wenyewe kwa vitambaa na makombe ya pwani, kila mmoja apendavyo. Unaona ugomvi wa kung'aa na kufaa ulivyo wa zamani?

Na hapa Nairobi, vile vyoo vya rangi ya samawati vya Fresh Life vilivyomo Mukuru vilitokana na wazo la wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani. Choo cha kwanza kilifunguliwa mwaka wa 2011. Kujenga choo si muujiza, kwani vyoo vingi vya msaada vimejengwa mitaani vikajaa vikafungwa. Wao waliuliza swali ambalo kila mkazi wa mtaa usio na bomba la majitaka hulijua: kikijaa, nani atakiondoa uchafu na ataupeleka wapi? Wakabuni choo chenye chombo kinachotolewa na kubadilishwa, na kinyesi hicho hugeuzwa mbolea na chakula cha mifugo.

SI PESA PEKE YAKE

Najua kuna mzazi anayesema, "Hayo ni ya wenye vyuo vikubwa." La hasha. Shule ya Keriko ni ya kutwa, iko katika kijiji cha Pwani, Njoro, Kaunti ya Nakuru, penye ukame wa mara kwa mara na wanafunzi wengi kutoka familia maskini. Ulimwengu uliisikia mwaka wa 2019 mwalimu wake, Bruda Peter Tabichi, alipotuzwa Dubai kuwa mwalimu bora duniani. Shule ilikuwa na kompyuta moja tu. Hata hivyo, wanafunzi wake wawili walibuni kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu. Walikionyesha katika maonyesho ya kitaifa ya sayansi na uhandisi mwaka wa 2018, na mwaka uliofuata wakafuzu kwenda Arizona, Marekani, kwa mashindano ya kimataifa.

Tena mwaka wa 2020, corona ilipoingia, mvulana wa miaka 9 kutoka Bungoma aliunda kwa mbao na misumari chombo cha kunawia mikono ambacho hukanyagwa kwa mguu, maji na sabuni vikatoka bila kugusa chochote. Aliyazingatia yaliyosemwa kwenye televisheni, kwamba tusiguse tulipogusa wengine. Rais alimtunuku nishani mwaka huo huo.

Hakuna kati ya hawa aliyeanzia dukani kwenye manila. Walianza kwa kumtazama mtu na shida yake.

MZAZI NA MWALIMU WAFANYE NINI?

Kwa mzazi: usiku ule wa mradi, weka kisu cha mkate chini. Kazi yako si kukata maboksi. Kazi yako ni kumshika mtoto mkono umpeleke kwa mama mboga, kwa mzoa taka, kwa jirani mwenye kiti cha magurudumu, kwa babu asiyesikia vizuri, mkamsalimie na kumwomba nusu saa ya kuwaeleza siku yake ilivyo. Mtoto asiulize, "Nikutengenezee nini?" kwa kuwa mtu atajibu lolote kwa heshima. Aulize, "Ni nini kinachokuchosha zaidi, na wewe mwenyewe hukitatuaje sasa?" Jibu la swali la pili ndilo dhahabu. Watu wengi wamekwisha kubuni nusu ya dawa, wamekosa mtu wa kuwamalizia.

Mwambie pia kwamba kushindwa si aibu madhali kumeandikwa. Simba wa Kitengela waliwashinda moto na sanamu kabla ya kushindwa na taa.

Kwa mwanafunzi: anza na kitu kidogo. Ngazi zenye giza, mfereji unaovuja, mfuko wa takataka unaotobolewa na mbwa, mtoto mdogo asiyefikia sinki la shule. Kitengeneze kwa vitu vilivyopo karibu, ili kikiharibika mwenyewe aweze kukirekebisha bila kukutafuta. Kisha rudi baada ya mwezi. Ukikuta kitu chako kimetupwa kando, usinung'unike. Kaa chini uulize kwa nini, maana hapo ndipo somo la pili linapoanza.

Kwa mwalimu, ambaye mzigo wake sote tunaujua, nina ombi moja lisilohitaji shilingi wala kikao cha wizara. Kabla ya kutazama kilicho mezani, omba ukurasa mmoja wa daftari wenye majibu matatu: nilimuuliza nani, aliniambia nini, na baada ya kukitumia alisema nini. Seremala anaweza kuuza helikopta, lakini ukurasa huo hauuzwi dukani. Mtoto ambaye hakutoka nyumbani hawezi kuujaza, na yule aliyekaa na nyanya ngazini ataujaza mpaka nafasi imwishie.

Watoto wetu wanakua katika nchi yenye shida nyingi ndogo ndogo ambazo hakuna waziri atakayezitangaza wala mfadhili atakayezisikia: vidole vinavyokatwa na mshikio, ukingo wa ngazi usioonekana. Shida hizo zinajulikana na wenyewe tu. Tukiwafundisha watoto kuuliza kwa adabu na kusikiliza kwa makini, tutapata wahandisi na wasanifu watakaojenga vitu vya kutumika. Tukiwafundisha kung'arisha tu, tutaendelea kuchoma maboksi kila Ijumaa.